Kompyuta ya Baba Brenda

Kompyuta ya Bonifasi Mugeta ilikataa kuwaka siku ya Jumanne, na mkewe Jenoveva, Mungu amsamehe, alijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Si kwamba hakumpenda mumewe. Alimpenda, na pale Butiama hakuna jirani asiyejua jinsi alivyomhangaikia. Lakini tangu kompyuta ile iingie nyumbani, Jenoveva hakuwa na saa yake mwenyewe.

Bonifasi alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mtu wa kupiga chapa bila kuangalia vidole, na wa kusahihisha Kiswahili cha mahakimu waliomzidi cheo. Alipostaafu alilima mihogo na mtama mwaka mmoja tu, kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Akitaka kusema, kilichotoka kilikuwa mlio wa mtu aliyefunikwa blanketi. Akili ilibaki nzima, na hapo ndipo ilipokuwa taabu, maana mtu mwenye maneno mengi kuliko wote pale kitongojini ndiye aliyenyang'anywa mdomo.

Kalamu alijaribu kuishika kwa mkono wa kushoto, akachora mikunjo isiyosomeka. Binti yao Brenda, mwalimu kule Bunda, alimletea kadibodi iliyoandikwa herufi ili awe anazionyesha kwa kidole. Lakini Jenoveva alikuwa akifika herufi ya nne amesahau ya kwanza, na siku ya tatu mzee aliitupa kadibodi ile mlangoni. Simu ilikuwa na vitufe vidogo kuliko kidole chake. Mwishowe Brenda akanunua kompyuta ya kupakata iliyokwisha kutumika, akaiweka juu ya meza kando ya kitanda, akamfungulia ukurasa wenye herufi kubwa kubwa. Bonifasi akaandika kwa kidole kimoja cha kushoto: "Chai ya nyumba hii haijawahi kuwa na sukari ya kutosha." Walicheka wote watatu mpaka machozi.

Hayo yalikuwa miaka miwili nyuma. Tangu hapo Bonifasi alikuwa akiandika kutwa. Alianza kila siku kwa tarehe, kama alivyozoea mahakamani, kisha mstari mmoja mmoja. Akimaliza mstari aliinua kidevu, na Jenoveva alipaswa kuacha analofanya, aje asome. "Dirisha." "Mguu unawaka." "Nani yuko uani?" "Huyo jogoo auzwe." "Uliponda karanga bila kuchagua mawe." Jenoveva alisoma polepole, na mzee hakuwa na subira, aligonga meza kwa kifundo cha kidole mpaka amalize. Yote aliyaandika katika faili moja lisilo na mwisho. Kurasa zilijaa upande mmoja tu wa mazungumzo ya nyumba, kwa sababu majibu ya Jenoveva yalisemwa kwa mdomo na kupotea.

Basi Jumanne ile kompyuta ilikuwa ikijibadilisha mambo yake ya ndani, kama ilivyofanya mara moja moja, umeme ukakatika. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Umeme uliporudi, kioo kilionyesha rangi ya bluu na maandishi ya Kiingereza, kikazima, kikawaka, kikaonyesha bluu ileile, kikazima tena.

"Nitaipeleka Musoma kwa fundi," Jenoveva alisema. "Kesho."

Kesho yake alisema magari hakuna. Keshokutwa alisema kuna msiba jirani. Siku ya nne hakusema kitu. Alipepeta mtama uani, akakaa kwenye kigoda na miguu yake ameinyosha, akasikia upepo kwenye majani ya mihogo. Hakuna aliyegonga meza. Alikuwa amesahau kwamba nyumba inaweza kuwa kimya hivyo. Jioni alimlisha mzee, akamgeuza, akamfuta mgongo, akamsimulia habari za msiba, na mzee akamsikiliza tu. "Tunakaaga vizuri hivi," alijisemea moyoni, na mara ileile akaona haya.

Siku ya nane Bonifasi alikataa uji.

"Hutaki?"

Akatikisa kichwa.

"Umekasirika kwa ajili ya kompyuta?"

Akaitikia kwa kichwa, maana hilo nalo lilikuwa kweli.

"Nitaipeleka, Baba Brenda. Kula kwanza."

Hakula. Siku ya tisa vilevile, na siku ya kumi. Alikaa ameegemea mto, mkono wa kushoto umeshika shavu, macho yakimfuata Jenoveva kila alikokwenda. Jenoveva aliona mtu aliyeshika tama, mtu mwenye huzuni, akakasirika kidogo. Akasema, "Hata huzuni yako unanitegea mimi." Mzee akafumba macho.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja mwanga wa dirishani ulimwangukia usoni, ndipo Jenoveva alipoona kuwa shavu lile lililoshikwa lilikuwa limevimba mpaka jicho limekuwa dogo. Alimgusa. Lilikuwa la moto. Bonifasi alitoa mlio ule wa chini ya blanketi.

Bajaji iliwapeleka zahanati. Tabibu, dada mmoja aitwaye Grace, alimfungua mdomo taratibu, akakunja uso.

"Jino limeoza na limetunga usaha. Mama, hili linauma kuliko kuzaa. Siku ngapi hizi?"

"Tatu."

"Mbona hakusema?"



Mzee alichomwa sindano ya dawa, usaha ukatolewa, na uvimbe ulipopungua jino nalo likang'olewa. Wiki iliyofuata alianza kunywa uji. Jenoveva alimpigia simu Brenda, akamwambia aje Jumamosi akae na baba yake.

"Niipitie mimi, niipeleke Musoma," Brenda alisema. "Wewe upumzike."

"Nimepumzika vya kutosha," Jenoveva alijibu. "Nitaipeleka mwenyewe."

Jumamosi aliifunga kompyuta kwa kanga mbili, akaipakata ndani ya gari mpaka Makutano na kutoka hapo mpaka stendi ya Bweri, bila kuiweka chini hata mara moja. Bodaboda ikamfikisha mtaa wa Nyasho, mjini Musoma. Aliulizia, akaonyeshwa kibanda kidogo chenye mlango wa bluu kati ya duka la mbegu na saluni. Ndani alikaa mwanamke kijana, nywele amezifunga kitambaa, mbele yake kompyuta tatu zimefunuliwa matumbo.

"Shikamoo mama. Karibu. Mimi ni Wankyo, ndiye fundi. Usimtafute mwingine."

"Marahaba mwanangu. Hii haitaki kuwaka."

Wankyo aliiwasha, akaitazama ikiwaka bluu na kuzima mara mbili.

"Umeme ulikatika ikiwa inajisasisha?"

"Ulijuaje?"

"Nazionaga kila wiki. Mashine yenyewe nzima, ila ule mfumo unaoiendesha umevurugika. Inataka kupigwa windo upya."

"Windo ndiyo nini?"

"Ni kama..." Wankyo alifikiri. "Mama, nyumba ni nzima, kuta nzima, ila mwenye nyumba amepoteza akili, hajui mlango uko wapi. Namtoa huyo, naingiza mwingine mwenye akili zake. Naifuta yote, naweka mpya. Mpaka mchana umeondoka nayo."

"Unafuta nini?"

"Kila kilichomo. Ndiyo haraka."

Ungemuuliza wakati ule anawaza nini, angekuambia anawaza nauli. Lakini alikuwa akiwaza tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu, mwaka huohuo.

Siku hiyo, katikati ya Kwaresima, walikuwa wamebishana juu ya jambo dogo, kuhamisha kitanda. Bonifasi alikasirika, kidole kikaanza kugonga herufi kwa nguvu, kikaandika mstari mmoja, na kidevu kikainuka. Jenoveva akasoma: "Ungeita gari asubuhi ile ile, leo ningekuwa natembea."

Asubuhi ile ya kiharusi Jenoveva alidhani ni malaria. Alimpa maji, akamfunika, akamwacha alale mpaka jua la saa sita. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amemtamkia neno hilo, na yeye mwenyewe alikuwa amejitamkia kila usiku. Alipousoma mstari huo aliweka kikombe chini, akatoka, akaenda kwenye mihogo, akapalilia mpaka jioni. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyelizungumzia tena. Lakini mstari ule ulikuwa umo ndani ya mashine hii, na binti huyu alikuwa tayari kuufuta, na haingekuwa kosa la mtu.

"Mama?" Wankyo alisema. "Nifute?"

"Hapana," Jenoveva alisema, na sauti yake ikamshangaza. "Humo mna maneno ya mzee wangu. Yeye hasemi. Anasemea humo. Yatoe kwanza."

Wankyo alimtazama, kisha akavuta kiti kingine kutoka saluni. "Kaa basi, mama. Hapa itachukua muda."

Alichomeka flashi pembeni, akaiwasha mashine huku akibonyeza kitufe kimoja haraka haraka, mfululizo, kama mtu anayebisha hodi. Bluu haikuja. Kikaja kioo cha kijivu ambacho Jenoveva hakukijua.

"Hapa nimeingia kwa mlango wa nyuma," Wankyo alieleza. "Natumia mfumo ulioko kwenye flashi yangu, ule mgonjwa nimeuacha umelala. Sasa naangalia stoo." Alifungua kabati moja pale kiooni, akafunga, akafungua jingine. "Liliitwaje hilo faili?"

"Sijui. Ni moja tu. Refu."

"Hili? Limeandikwa MWENENDO."

Jenoveva alicheka bila kutaka. Bonifasi alikuwa ameyapa mazungumzo ya chumbani jina la kumbukumbu za kesi. "Ndilo."

Faili lilihamia kwenye flashi nyingine, halafu Wankyo akalihamisha tena kwenye kompyuta yake mwenyewe, akisema maneno ya mtu hayawekwi mahali pamoja. Akalifungua. "Mama, hakikisha kabla sijafuta. Kurasa mia mbili na kumi na nne. Ndiyo yenyewe?"

Maandishi yalipita. "Chumvi." "Mwambie Nyamhanga ng'ombe wake wamo shambani." "Nigeuze." "Leo umevaa gauni la harusi ya Brenda. Linakupendeza bado."

"Ndiyo yenyewe," Jenoveva alisema. Kisha, kabla ujasiri haujamtoka: "Mwanangu, nitafutie tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu."

Wankyo aliandika tarehe kwenye kidirisha kidogo, ukurasa ukaruka. Mstari ulikuwapo. Ungeita gari asubuhi ile ile. Jenoveva aliusoma tena na ukamuuma palepale pa zamani. Lakini chini yake kulikuwa na mistari mingine, na hiyo hakuwahi kuiona. Akasogea karibu, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kwa midomo.

"Jenoveva."

"Mama Brenda."

"Rudi."

"Nimesema vibaya. Rudi."

"Jenoveva rudi."

"Wingu limefunga upande wa Mugango. Utalowa."

"Saa kumi na nusu. Nakiona kichwa chako kwenye mihogo."

"Hata mimi nilidhani ni malaria."

Baada ya hapo ilikuwa tarehe ya kesho yake, na neno "Uji".

Kwa hiyo alikuwa ameita. Mchana kutwa mtu yule alikuwa amekaa kitandani akimwita mkewe kwa jina, kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, na jina halikutoka nje ya chumba, kwa kuwa lilikuwa la kusomwa na msomaji hakuwapo. Jioni alifunga mashine akidhani nini? Jenoveva hakujua. Alitoa pembe ya kanga, akajifuta macho, akapenga kamasi bila aibu.

Wankyo aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta waya. Alipogeuka tena alisema kwa upole, "Nalo hilo limehifadhiwa, mama. Sehemu mbili. Sasa nianze?"

"Anza."

Akaanza. Alichagua hiki, akafuta kile, kioo kikabaki kitupu, kisha namba zikaanza kupanda pole pole. Asilimia tatu. Asilimia kumi na moja. Ilipofika sitini mashine ikazima yenyewe, na Jenoveva akainuka kitini.

"Ni kawaida," Wankyo alisema. "Itazima na kuwaka mara mbili tatu. Ni mtu mgeni huyo, anaingia chumba kwa chumba."

Walikunywa chai ya rangi na kula chapati kutoka kwa jirani. Wankyo aliuliza habari za mzee, na Jenoveva akamweleza, hata habari za jino. Akamwambia na siku zile kumi na moja, ambazo hakuwa amezieleza kwa mtu.

"Nilikuwa nimechoka," alisema. "Si kwamba nilitaka aumie. Nilitaka anyamaze kidogo tu."

Wankyo alizungusha kikombe chake. "Bibi yangu kule Makoko nilimuuguza mimi, mwaka na nusu. Kuna siku nilikuwa nakaa chooni bila haja, ili tu asinione. Mama, usijitese."

Mashine ililia mlio mdogo, ikauliza jina la mwenye nyumba. "Bonifasi," Jenoveva alisema, akatazama herufi zikiingia. Wankyo aliweka programu ya kuandikia, akalirudisha faili mahali pake, akaikuza herufi. Alikuwa karibu kuifunga, Jenoveva akamzuia.

"Bado kitu. Yeye ana mkono mmoja. Akitaka herufi kubwa, anabonyezaga kile kitufe chenye mshale, anakiachia, kinalia tii, ndipo anabonyeza herufi. Si kwa pamoja kama wewe."

Uso wa Wankyo ukafunguka. "Ahaa. Hiyo huwa inawashwa makusudi. Ningeisahau, na mzee angeniandikia jina langu kwa herufi ndogo maisha yake yote." Akaiwasha, akajaribu kwa kidole kimoja cha kushoto. Tii. Herufi kubwa ikaja. "Umemwangalia vizuri mzee wako," alisema.

Akaweka na betri nyingine, ya kushikilia angalau saa moja umeme ukiondoka. Jenoveva alilipa, akapewa flashi yenye nakala, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kabla ya kurudi stendi alipita sokoni palepale Nyasho, akatafuta kwa wauza vyuma mpaka akapata kengele ndogo ya mkono, ya shaba, ya kupigiwa watoto wa chekechea. Muuzaji alimuuliza kama anafungua shule.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Brenda aliunganisha nyaya, akamwinua baba yake, kisha akaona nyuso za wazazi wake, akasema anakwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Bonifasi aliandika tarehe kwanza. Tii. Halafu: "Pengo limepona."

"Nashukuru Mungu," Jenoveva alisema. Alibaki amesimama. "Baba Brenda, nilichelewesha makusudi. Nilikudanganya kwamba magari hakuna."

Kidole kilitembea. "Magari nilikuwa nayaona dirishani."

Jenoveva alikaa kitandani. "Nilikuwa nimechoka. Unaniita, unaniita, kutwa. Nilitaka kimya. Sikujua unaumwa. Ningejua, ningeibeba hii kichwani kwa miguu."

Shavu la Bonifasi bado lilikuwa limelegea upande mmoja. Aliandika: "Ungeniambia umechoka ningenyamaza." Akafikiri, akaongeza, "Kidogo."

"Na jambo jingine. Ile siku ya Kwaresima, niliyokwenda kwenye mihogo. Sikuyasoma yale ya chini. Nimeyasoma leo, kwa fundi."

Mzee aligeuza kichwa chote kumtazama.

"Nilidhani umesoma ukanyamaza," aliandika hatimaye.

"Sikusoma."

"Miezi saba."

"Ndiyo, Bonifasi. Miezi saba."

Mzee alinyoosha mkono wa kushoto, ule ambao kwa miaka miwili haukufanya kazi nyingine ila kuandika na kugonga meza, akamshika mkewe kiganja. Walikaa hivyo mpaka Brenda akarudi na ndoo yake.

Baada ya wiki ile walikubaliana, na mzee mwenyewe ndiye aliyeyaandika masharti kwa vifungu kama hati ya mahakama: baada ya chakula cha mchana kompyuta inafungwa mpaka jua lipoe. Ndani ya saa hizo Mama Brenda haitwi ila kwa kengele, na kengele ni kwa maumivu, haja, au moto. Siku mbili za mwanzo aliipiga kwa sababu ya nzi, na Jenoveva akatishia kuirudisha Nyasho. Siku ya tatu aliipiga mara moja tu. Jenoveva aliacha ungo, akaja mbio, vumbi la mtama mikononi.

"Nini? Mguu?"

Mzee alitikisa kichwa, akaonyesha dirisha kwa kidevu. Mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa, na nguo zote zilikuwa kwenye kamba.